Siku Baba Mkwe Alipoacha Maziwa

Kazini kwangu nakaanga vitunguu kwa karibu saa nzima kila siku, na bado kuna wenzangu wanaoamini nafanya hivyo ili nisitumwe kuosha masufuria. Ni hoteli ndogo ya watalii, nje kidogo ya mji wa Karatu, kando ya barabara inayopanda kwenda getini Ngorongoro. Wageni wanarudi kutoka kreta alasiri wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na wengi wao, wakishamwona simba, hawataki tena mambo makubwa. Wanataka mkate, nyama ya kusaga, na juu yake vitunguu vya kahawia na uyoga. Hicho ndicho nilichoajiriwa kupika, na nina miaka sita mbele ya bamba.

Bamba ndivyo tunavyoliita: pande la chuma, bapa, nene, pana kama mlango wa kabati, linalopata moto wa gesi kutoka chini. Sufuria huficha mambo. Ukiharibu ndani ya sufuria unaweza kufunika na kwenda kutafuta wa kumsingizia, lakini kwenye bamba kila kitu kiko wazi na kila anayepita anatoa ushauri.

Vitunguu navitaka vya Mang'ola, vyekundu, vilivyokauka ganda. Navikata kufuata urefu, kuanzia kichwani kwenda mkiani, kwa sababu ukivikata mviringo vinayeyuka na kubaki uji. Mafuta kidogo, chumvi kidogo, moto wa wastani, halafu navitandaza na kuviacha. Hapo kwenye kuviacha ndipo wengi wanaposhindwa. Mpishi mgeni anageuzageuza kama mtu aliyedondosha pete. Mimi nasubiri vianze kung'ang'ania chuma, narusha maji kwa vidole, nakwangua kwa kile kisu bapa cha mafundi rangi nilichonunua duka la vifaa vya ujenzi, natandaza tena. Vinakuwa vyeupe, vinakuwa vya njano, vinakuwa vya kahawia, na mwishowe vinakuwa vitamu kama vile vimetiwa sukari ilhali hakuna aliyetia.

Uyoga unakaa upande wa pili, kwenye moto mkali, bila chumvi. Kwanza unatoa maji na kulalamika sana. Maji yakiisha unanyamaza, kisha unaanza kutatarika kivingine, na kingo zinageuka nyekundu iliyokolea. Hapo ndipo unautia chumvi na kuuchanganya na vitunguu. Napenda kazi hii kuliko ninavyokiri mbele ya meneja.

Nyumbani nina bamba langu mwenyewe. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kwa kipande cha chuma kilichobaki kwenye bodi ya lori, akalitia miguu minne ya nondo, na mkaa unakaa chini yake kwenye beseni kuukuu. Liko uani. Ndilo lililoniingiza kwenye mambo ninayotaka kuyaeleza.

Mimi ni Mwiraqw wa Ganako, mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage. Mume wangu ni Mmasai wa Endulen, dereva wa watalii. Babu zake na babu zangu waliibiana ng'ombe vizazi kwa vizazi, na siku ya ndoa yetu mjomba wangu alisema sasa wameamua kuiba na binti kabisa. Tulifunga ndoa kanisani hapa hapa Karatu, tukala pilau, na keshokutwa yake mimi nilirudi kwenye bamba na yeye akaenda Serengeti na Wajerumani wanne. Hatukuwa na muda wa kwenda kwao kufanya zile taratibu za kumpeleka bibi harusi bomani. Tulisema tutakwenda, kisha tukasema tena tutakwenda.

Kumbe taratibu hizo ndizo zinazompa mtu jina. Kwa Wamasai, baba mkwe hamwiti mke wa mwanawe kwa jina lake. Anampa mnyama, na kuanzia hapo wanaitana kwa mnyama yule, wote wawili neno moja. Aliyepewa kondoo anaitwa Paker, naye anamwita mkwewe Paker. Wa ng'ombe wanaitana Pakiteng. Mke wa shemeji yangu mkubwa ni Paker, na ukimsikia mzee anavyolitamka neno lile kutoka upande wa pili wa zizi, unajua kabisa yule mwanamke ni wa pale. Mimi sikuwa nimepewa hata kifaranga. Jina langu la ubatizo hakuweza kulitumia, mtoto tulikuwa hatujapata wa kuitiwa mama fulani, na hata neno "mkwe" la Kiswahili hakulitumia. Mara mbili tulizokutana mjini, aliniita kwa kukohoa.

Unaweza kucheka. Mimi pia nilicheka mwanzoni. Lakini miezi minane ya kuitwa kwa kikohozi si mchezo, na mimi si mtu wa kuchukulia mambo kwa upole. Nililitaka jina lile. Nililitaka kwa uchu, na kwa hasira pia, kwa sababu sikuona ni vipi ningeliomba.

Basi mzee akaja Karatu kutazamwa macho. Mume wangu alikuwa ameondoka na wageni asubuhi ya siku ile, safari ya siku nne, na kule porini simu inashika inapojisikia. Alinipa maagizo mawili. La kwanza, baba yake alale chumba cha uani chenye mlango wake, kwa sababu baba mkwe halali chini ya paa moja na mke wa mwanawe. La pili, nisimpikie uyoga.

"Kwa nini?"

"Kwetu ule ni chakula cha nyani," akasema, akawasha gari.

Nilimpokea mzee stendi saa nane mchana. Mrefu, mkavu, shuka mbili, simu shingoni kwenye kimfuko cha shanga, na jicho la kulia limeingia ukungu mweupe. Akanisalimu Kimasai, "Takwenya." Nikainamisha kichwa, nikajibu, "Iko." Akanigusa utosini kwa vidole, taratibu, na hadi hapo nilikuwa nafanya vizuri. Nyumbani nilimpa maziwa. Nilikuwa nimenunua lita mbili kwa jirani yangu mfugaji, nikayachemsha na kuyapoza, naye akanywa jagi zima bila kuweka chini, akafuta midomo na kukohoa kikohozi cha shukrani.

Halafu nikafanya ukaidi wangu. Nilikuwa nimejiambia nitampikia ugali na mchicha, chakula kisicho na ubishi. Lakini jioni ilipokaribia nikawaza: huyu mzee hajui mimi ni nani. Hajui kwamba watu wanatoka ng'ambo ya bahari na kuomba sahani ya pili. Nikipika mchicha nitakuwa mwanamke yeyote wa Karatu aliyepika mchicha. Na uyoga ulikuwepo, mzuri, wa mama mmoja anayeulima kwenye mifuko ndani ya banda la nyasi nyuma ya nyumba yake. Agizo la mume wangu nililikumbuka vizuri kabisa, nikaliweka pembeni.

Nilikaanga kwa mafuta ya alizeti, kwa utaratibu wote, mzee amekaa kwenye kigoda upande wa pili wa ua, akiongea na simu kuhusu bei ya madume. Nilipomletea sahani, ugali upande mmoja na lile rundo la kahawia linalong'aa upande wa pili, aliinua sahani hadi karibu na jicho zima. Akanusa. Akanusa tena, muda mrefu. Kisha akamega ugali peke yake, akaula mkavu tonge tatu, akaweka sahani chini na kusema asante, ameshiba.

Nilichukua sahani ile nikaingia nayo jikoni na kula yote nimesimama, machozi yakinitoka, na nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Niliumia. Nilisema moyoni, ndiyo hivyo basi, mimi ni binti wa watu wa jembe, na chakula changu hakiwezi kupita koo lile.

Kesho yake mambo yakawa mabaya zaidi. Asubuhi nilimpelekea chai ya maziwa, akakataa, akaomba maji. Nikampelekea maziwa matupu, akatikisa kichwa. Nikamwongoza hadi kwa daktari wa macho, tukakaa kwenye benchi saa tatu nzima, akaambiwa ni mtoto wa jicho, akapewa dawa ya matone na tarehe ya kurudi. Njiani nikamnunulia mtindi wa baridi, maana jua lilikuwa kali na hakuwa ametia kitu tumboni. Akaushika ule mtindi, akautazama kama mtu anayemtazama rafiki aliyekosana naye, akanirudishia.

Mmasai mzima, mzee wa ng'ombe, anakataa maziwa mara tatu kwa siku moja. Nilijua maana yake. Nilijifungia chumbani nikamrekodia mume wangu ujumbe wa sauti: "Baba yako amenisusia. Jana kakataa chakula, leo kakataa hata maziwa. Sijui nimewakosea nini nyie watu. Njoo umchukue." Ujumbe ulikwenda, alama ikabaki moja. Nikatoka nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi, kwa kelele.

Jua lilikuwa limeinama upande wa msitu wa Ngorongoro niliposikia kikohozi. Nikatoka na uso wangu umefungwa.

"Ile nyama yako ya jana," akasema. "Iko nyingine?"

"Nyama ipi, Baba?"

"Ile ya kwenye chuma. Jana sikuweza. Nilikuwa nimekunywa maziwa yako." Akagusa tumbo lake. "Maziwa na nyama havikai pamoja humu, kwetu ni mwiko. Leo sijagusa maziwa tangu asubuhi. Sasa lete."

Nilishika mlango. Mwiko ule niliujua vizuri, mume wangu mwenyewe anaufuata siku za likizo. Kama ningepika nyama, ningeukumbuka. Lakini nilipika uyoga, na katika kichwa changu cha mkulima uyoga na maziwa havina ugomvi wowote. Yeye, kwa jicho moja na giza la magharibi, aliona vipande vya kahawia vilivyokaushwa juu ya moto, akasikia harufu ile, akajua ni nyama iliyopikwa na mtu anayejua nyama. Akalala na njaa kwa ajili ya mwiko. Halafu akaamka akashinda siku nzima bila maziwa ili apate kula chakula cha mke wa mwanawe.

Na mimi nilikuwa nimemrekodia mwanawe kwamba amesusa. Niliona aibu hadi masikio yakawa moto.

"Ipo, Baba," nikasema. "Itachukua muda."

Nikawasha mkaa. Nadhani sijawahi kukata vitunguu polepole kama jioni ile. Maana swali lilikuwa jepesi kabisa. Uyoga ulikuwepo, mwingi. Nikiupika na kunyamaza, atakula, atafurahi, ataondoka kesho akisema yule mwanamke anajua nyama, na jina langu huenda likawa njiani. Haoni vizuri. Hakuna wa kumwambia. Nikisema ukweli, nitakuwa mtu aliyemnyima mzee maziwa siku nzima kwa ajili ya chakula cha nyani.

Vitunguu vikawa vyeupe. Mzee alisogeza kigoda karibu na bamba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Moto wako mdogo," akasema.

"Ndivyo unavyotakiwa, Baba."

"Sisi tukiwa vijana, tukichinja porini, tulichoma nyama namna hii. Mbali na moto. Wenye haraka walikula mbichi." Akavitazama vitunguu. "Mwanangu hana subira hiyo."

"Hana kabisa," nikasema, na tukacheka wote wawili, tukimsengenya mtu aliyekuwa Serengeti bila mtandao.

Vikawa vya njano. Nikarusha maji, nikakwangua. Akaniuliza kama ni kweli wazungu wanalipia vitunguu. Nikasema wanalipia na wanaomba kuongezewa. Akasema kweli dunia ina watu. Kadiri alivyozidi kuwa mwepesi ndivyo nilivyozidi kuwa mzito. Ningekuwa na mzee mkali, aliyenuna, ningemlisha uyoga bila hofu na kulala usingizi. Lakini huyu alikuwa amejinyima maziwa, jamani, na alikuwa ananiambia habari za ujana wake.

Vitunguu vilipofika kahawia nikavisukuma pembeni na kuvuta beseni la uyoga. Nikashika uyoga wa kwanza. Kazini, mgeni akiuliza kuna nini kwenye sahani, namwambia kila kitu hadi punje ya pilipili, kwa sababu kumlisha mtu kitu asichokijua naona ni uchafu kuliko kutonawa mikono. Sikuweza kufanya kwa baba wa mume wangu jambo ambalo nisingemfanyia Mholanzi.

"Baba, nisikudanganye. Hii si nyama, na ya jana haikuwa nyama. Ni uyoga."

Alinyoosha mkono, nikamwekea kipande kimoja kiganjani. Akakifinya, akakinusa, akakisogeza kwenye jicho zima.

"Hii inaota kwetu mvua ikinyesha," akasema. "Ng'ombe wanaikanyaga."

"Hii ni ya kulimwa."

"Kuna mtu analima hii?"

"Ndiyo, Baba. Mama mmoja hapo chini."

"Nyie wakulima," akasema, "mtalima hata upepo." Kisha uso ukabadilika, nikaona hesabu inaingia. "Kwa hiyo jana ningeweza kula."

"Ndiyo."

"Na leo nimekaa siku nzima bila maziwa."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa ajili ya hii."

Mkaa ulikuwa unalia chini ya bamba na mimi nilikuwa nimeshika kisu changu cha mafundi rangi kama mtu anayesubiri kufukuzwa kazi.

"Lete maziwa," akasema.

Nikaleta jagi. Akalimaliza. Akaomba jingine, akafika nusu, akapumua kwa nguvu. Nilidhani hapo tumemaliza, na nikaanza kukusanya beseni. Akakohoa. Nilipogeuka nikamwona ameelekeza kidevu kwenye bamba.

"Si umesema si nyama? Pika."

Nikapika. Alikula kwa vidole, polepole, akishushia na maziwa yaliyobaki. Vitunguu alisema ni vitamu. Uyoga alisema ni kama kutafuna sikio la mbuzi, lakini alitafuna masikio yale hadi sahani ikawa nyeupe. Alipomaliza aliniuliza kwa nini nimesema, wakati jicho lake lisingeona.

"Niliogopa," nikasema. "Niliogopa kukulisha uongo kuliko nilivyoogopa ukasirike."

Akaguna tu, akachukua fimbo yake na kwenda kulala chumba cha uani.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Kabla hajapanda gari la Endulen alisema, akitazama barabara na siyo mimi, "Mwanangu akirudi, mje. Ukifika langoni, usiingie."

"Nisiingie, Baba?"

"Usiingie. Simama nje." Akapanda, akakaa dirishani, akaanza kuongea na simu kuhusu madume.

Siku mbili nilitembea na maneno yale kama mtu mwenye jiwe kiatuni. Mume wangu alirudi akiwa ameusikiliza ujumbe wangu wa sauti, amejiandaa kwa vita. Nikamweleza yote: maziwa, uyoga, langoni usiingie. Akaniambia nirudie hilo la mwisho. Nikarudia. Akakaa chini juu ya begi lake la safari.

"Bibi harusi ndiye anayesimama langoni," akasema. "Anakataa kuingia mpaka aahidiwe mnyama. Mzee anataka ukafanye."

Tulikwenda mwisho wa mwezi. Nilisimama nje ya boma la Endulen, kwenye upepo wa baridi, nimevaa shuka niliyoazimwa na shanga zilizonizidi, mwanamke wa miaka thelathini na moja, mpishi, nikikataa kuingia. Mashemeji walinibembeleza. Wakaahidi mbuzi, nikatazama milima. Wakaahidi kondoo, na mume wangu aliyesimama nyuma yangu akaninong'oneza kwamba kondoo si haba. Nikamwambia anyamaze. Watoto walikuwa wanacheka kwa furaha ya kuona mtu mzima mkaidi kiasi kile.

Ndipo mzee akatoka. Alipita katikati ya watu wote, akaelekeza fimbo kwa mtamba mmoja mwekundu aliyekuwa ananywa maji, ili kila mtu aone ni yupi. Kisha akanitazama kwa lile jicho zima, na hakukohoa.

"Pakiteng," akasema.

Inatakiwa ujibu hapo hapo, kwa neno lilelile. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi jikoni peke yangu kwa miezi, kwa sauti za kila namna. Nililia kwanza, mbele ya boma zima, naye akasimama akanisubiri.